Kache katika prosesa ya viini vingi: jinsi ya kuielewa, kuipima na kuiandikia programu

Ukiingia duka la laptopu za ex-UK pale Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakutajia mambo matatu kabla hujavuta pumzi: kizazi cha prosesa, RAM, na ukubwa wa SSD. Kache, ile kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyo ndani ya prosesa, hataitaja, nawe hutaiuliza. Mimi pia sikuwa nikiiuliza, mpaka siku programu yangu iliponigomea.

Nilikuwa nimeandikia SACCO moja ya matatu programu ya kujumlisha rekodi za nauli: laini ya 46, ya 58, ya 111, miezi kadhaa ya data. Kwa uzi mmoja (thread), yaani mfuatano mmoja wa amri, ilifanya kazi sawasawa, ila ilijikokota. Laptopu ilikuwa na viini vinne (cores), basi nikaigawa kazi kwa nyuzi nne, kila uzi na sehemu yake ya rekodi na kihesabio chake mwenyewe. Nilitarajia muda ushuke hadi karibu robo. Badala yake ukapanda. Nilikesha siku mbili nikitafuta kufuli (lock) lililokuwa likizifanya nyuzi zisubiriane, na kufuli halikuwepo popote. Tatizo lilikuwa baiti 32.

Njia niliyoipita hadi kuzipata baiti hizo ndiyo mwongozo huu. Unahitaji kompyuta yenye Linux, gcc (kompaila ya C), na C ya kutosha kusoma kitanzi cha for. Fanya kila jaribio kwa mkono wako, kwa sababu mambo haya hayakai kichwani mpaka uyaone yakibadilisha saa.

Hatua ya 1: Jua umbali kati ya kiini na RAM

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kiini cha prosesa kikihitaji namba sasa hivi, na namba hiyo iko RAM, kazi inasimama au inajikongoja mpaka namba ifike.

Tuchukue Core i5-8250U, prosesa ya mwaka 2017 ambayo huchukui muda kuipata katika laptopu za mtumba mjini. Ina viini vinne na inaweza kufika GHz 3.4. Kwa kasi hiyo, mzunguko mmoja wa saa ya prosesa ni takriban nanosekunde 0.3. Kusoma kutoka kache ya ngazi ya kwanza, L1, huchukua mizunguko 4 au 5. L2 ni kama 12. L3 ni 40 na ushei. RAM huchukua nanosekunde 60 hadi 100, yaani mizunguko 200 hadi 340. Kama mzunguko mmoja ungekuwa sekunde moja, L1 ingekujibu kabla hujamaliza kuuliza, na RAM ingekuweka kwenye foleni dakika 3 hadi karibu 6.

Mtazame fundi wa simu akiwa kazini. Skrubu za simu aliyoifungua ziko kwenye kisahani cha sumaku mbele yake: hiyo ni L1. Betri na vioo vinavyoombwa kila siku viko kwenye droo yake: L2. Nyuma kuna rafu ya duka zima inayotumiwa na mafundi wote wanne: L3. Kisichopatikana hapo kinaagizwa godauni kule Industrial Area. Fundi mzuri si yule mwenye godauni kubwa. Ni yule ambaye anachohitaji kiko mezani anapokihitaji.

Kwa nini basi tusijengewe L1 ya gigabaiti nane? Biti moja ya kache hushikiliwa na transista sita, wakati biti ya RAM hutosheka na transista moja na kapasita moja. L1 ya data ya kilobaiti 32 ina biti 262,144, kwa hiyo biti zake peke yake zinakula transista zaidi ya milioni 1.5. Linganisha na Intel 486 ya mwaka 1989: chipu nzima, pamoja na kache yake ya kilobaiti 8, ilikuwa na transista kama milioni 1.2. Tena kache ikikuwa kubwa, inakuwa na umbali wake wa ndani, na kuitafutia kitu kunachukua muda zaidi. Ndiyo maana kuna ngazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Maurice Wilkes wa Cambridge aliliandikia mwaka 1965, na IBM ikaliweka katika mashine ya biashara, System/360 Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968. Wakati huo kiini kilikuwa kimoja, na hapakuwa na wa kugombana naye. Ugomvi ninaoueleza hapa ulifika mezani kwa watu wa kawaida mwaka 2005, Intel na AMD zilipoanza kuuza prosesa za viini viwili kwa kompyuta za nyumbani.

Hatua ya 2: Zitazame kache za mashine yako

Fungua terminali:

```
lscpu -C
```

Utaona jedwali. Safu ya ONE-SIZE ni ukubwa wa kache moja, na ALL-SIZE ni jumla ya zote za ngazi hiyo. Hapa wengi huteleza. Kwenye i5-8250U, L1d ni kilobaiti 32 kwa kila kiini, na jumla ni 128. Kiini kimoja hakiwezi kutumia hizo 128. Kina 32 zake, basi. L2 ni kilobaiti 256 kwa kiini. L3 ni megabaiti 6 na inatumiwa na viini vyote kwa pamoja.

Sasa uliza mambo mawili ambayo ni muhimu kuliko ukubwa:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index0/coherency_line_size
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index0/shared_cpu_list
```

Amri ya kwanza itakupa 64 kwenye karibu kila mashine ya Intel au AMD utakayoishika. Huo ni urefu wa mstari wa kache kwa baiti, na tutarudi kwake tena na tena. Kwenye Mac za M1 na kuendelea, `sysctl hw.cachelinesize` itakujibu 128.

Amri ya pili inakuambia ni CPU zipi za Linux zinazotumia L1 moja. Kwenye laptopu ya mfano wetu utaona 0,4. Maana yake CPU 0 na CPU 4 ni nyuzi mbili za kiini kimoja halisi, hazina kuta kati yao. Liandike jibu hili mahali, kwa sababu katika Hatua ya 5 ukichagua CPU mbili za kiini kimoja hutaona ugomvi tunaoutafuta, na utadhani nimekudanganya.

Hatua ya 3: Hesabu kwa mistari, usihesabu kwa namba

Ukimtuma mtoto dukani yai moja, ataleta yai moja. RAM haiuzi hivyo. RAM inauza trei. Ukiomba int moja ya baiti 4, unaletewa mstari mzima wa baiti 64, yaani int yako pamoja na jirani zake 15. Ukiwahitaji hao jirani, umewapata bure. Usipowahitaji, umelipia nauli ya trei kwa yai moja, na trei hiyo imechukua nafasi ya nyingine mezani.

Mstari ukifika, unawekwa wapi? L1 ya kilobaiti 32 ina nafasi ya mistari 512. Nafasi hizo zimepangwa katika seti 64, kila seti ikiwa na nafasi 8. Anwani ya data ndiyo inayoamua. Biti 6 za mwisho zinasema ni baiti ipi ndani ya mstari, biti 6 zinazofuata zinachagua seti, na zilizobaki ni kitambulisho cha kuhakikisha kwamba mstari uliomo ndio ulioombwa. Hesabu ndogo inatoka hapo, na ni nzuri kuikariri: anwani zinazoachana kwa baiti 4,096 kamili zinaangukia seti ile ile. Ukiwa na tisa kama hizo, mmoja lazima atoke nje, hata kama kache iliyobaki ni tupu kabisa.

Jaribu:

```c
#include <stdio.h>
#include <time.h>
#define N 4096
int m[N][N];

int main(void) {
    long jumla = 0;
    for (int i = 0; i < N; i++)
        for (int j = 0; j < N; j++)
            m[i][j] = i ^ j;

    clock_t t0 = clock();
    for (int i = 0; i < N; i++)
        for (int j = 0; j < N; j++)
            jumla += m[i][j];
    clock_t t1 = clock();
    for (int j = 0; j < N; j++)
        for (int i = 0; i < N; i++)
            jumla += m[i][j];
    clock_t t2 = clock();

    printf("mlalo %ld, wima %ld, jumla %ld\n",
           (long)(t1 - t0), (long)(t2 - t1), jumla);
    return 0;
}
```

```
gcc -O1 jedwali.c -o jedwali && ./jedwali
```

Jedwali ni la megabaiti 64, halienei katika kache yoyote ya laptopu hii. Vitanzi vyote viwili vinajumlisha namba zile zile, idadi ile ile. Cha mlalo kinapita int zilizopangana, kwa hiyo kinalipia mstari mmoja kwa kila namba 16, tena prosesa ikishatambua mwendo wako inaanza kuchota mistari ya mbele kabla hujaiomba. Cha wima kinaruka baiti 16,384 kila hatua. Hiyo ni 4,096 mara nne, na kwa kanuni ya juu, safu nzima ya wima inagombania seti moja ya L1 yenye nafasi 8. Kila mstari unafukuzwa kabla ya kutumiwa mara ya pili.

Usilifute lile kundi la vitanzi vya kwanza linalojaza jedwali. Linux hugawa RAM kwa vipande viitwavyo kurasa, na hukupa kurasa usizowahi kuandika kwa kuzielekeza zote kwenye ukurasa mmoja wa sifuri, na ukisoma bila kuandika kwanza utakuwa unapima ukurasa mmoja wa kilobaiti 4 ukidhani unapima megabaiti 64. Nami nilitumia -O1 kwa makusudi: gcc ikiwa kwenye -O3 inaweza kubadilisha mpangilio wa vitanzi yenyewe na kukunyima somo.

Ukimaliza, badilisha `m[N][N]` iwe `m[N][N + 16]`, uijenge tena. Umeongeza mstari mmoja tu wa kache kwa kila safu, na sasa safu ya wima inasambaa katika seti zote badala ya kurundikana moja. Ulinganishe muda wa wima, kabla na baada.

Kwa wale wa Python: orodha ya kawaida ni orodha ya anwani, na namba zenyewe zimetawanyika. Safu ya NumPy ndiyo iliyopangana, na hapo kanuni ya mlalo na wima inatumika vilevile.

Hatua ya 4: Elewa jinsi viini vinavyokubaliana

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila kiini kina L1 na L2 zake. Kiini cha kwanza kimesoma salio la 500 na kubaki na nakala. Cha pili kimesoma salio hilo hilo na kubaki na nakala. Cha kwanza kikiandika 300, cha pili bado kinaona 500. Bila sheria, kompyuta ya viini vingi ingekuwa mashine ya kutengeneza uongo.

Sheria ni moja na ni fupi: mstari unaweza kuwa na wasomaji wengi, au mwandishi mmoja, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Itifaki inayojulikana zaidi ya kuitekeleza inaitwa MESI, na ilielezwa mwaka 1984 na Papamarcos na Patel wa Chuo Kikuu cha Illinois. Prosesa za leo zinatumia aina zilizorefushwa kidogo, kama MOESI ya AMD na MESIF ya Intel, lakini ukiielewa MESI umeshaelewa mwenendo wao.

Kila mstari ndani ya kache ya kiini una hali moja kati ya nne. M ni mstari uliobadilishwa: ni mimi peke yangu ninao, na RAM bado ina ya zamani. E ni mstari nilio nao peke yangu, ambao haujabadilika. S ni mstari ambao huenda na wengine wanao, ruhusa ni kusoma tu. I ni mstari uliofutwa uhalali wake: uko pale, lakini usiuguse.

Fuatilia mstari mmoja wenye x, ambayo ni 5. Kiini A kinasoma x, hakuna mwingine anayo, A kinaupata kwa hali E. Kiini B kinasoma x. A na B sasa wote wako S. A kinataka kuandika 6. Hakiwezi kuandika juu ya S, kwa hiyo kinatuma tangazo: wenye mstari huu, futeni. B kinaufuta, unakuwa I, kinajibu, na A kinaandika na kuingia M. Sasa B kinataka kuandika 7. Kinaomba mstari pamoja na umiliki wake. A kinautoa ukiwa na ile 6, chenyewe kinabaki I, na B kinaingia M. A kikitaka tena, safari inarudi kinyume.

Tangazo hilo halipigwi kiholela. Kwenye laptopu yetu L3 ina nakala ya kila mstari ulio katika L1 na L2, na inaweka alama ya kiini kinachoushikilia, kwa hiyo ujumbe unaenda kwa anayehusika. Hata hivyo kumpokonya jirani mstari aliouandika ni ghali kuliko kusoma L3 kwa kawaida, na kwenye seva yenye prosesa mbili tofauti gharama inafika mamia ya mizunguko.

Sasa soma polepole, maana hapa ndipo programu yangu ilipozama. Sheria hii inahusu mstari. Haijui x, haijui kihesabio chako, haijui nani ni mwenye nini. Rudi kwa mafundi wanne. Wana daftari moja la mapato, na kila fundi ana safu yake kwenye ukurasa ule ule. Hakuna anayeandika kwenye safu ya mwenzake. Lakini anayeandika lazima aushike ukurasa mkononi. Basi siku nzima daftari linazunguka meza nne, kila mmoja anaandika shilingi moja na kulinyang'anywa, na simu za wateja zimelala wazi mezani.

Vihesabio vyangu vinne vya nauli vilikuwa `long` nne ndani ya safu moja. Nane mara nne ni baiti 32. Ukurasa mmoja.

Hatua ya 5: Uone ugomvi kwa macho yako

```c
#include <pthread.h>
#include <stdio.h>

struct hesabu {
    volatile long a;
    volatile long b;
};

_Alignas(128) struct hesabu h;

void *wa_a(void *x) {
    for (long i = 0; i < 500000000; i++) h.a++;
    return NULL;
}

void *wa_b(void *x) {
    for (long i = 0; i < 500000000; i++) h.b++;
    return NULL;
}

int main(void) {
    pthread_t t1, t2;
    pthread_create(&t1, NULL, wa_a, NULL);
    pthread_create(&t2, NULL, wa_b, NULL);
    pthread_join(t1, NULL);
    pthread_join(t2, NULL);
    printf("%ld %ld\n", h.a, h.b);
    return 0;
}
```

```
gcc -O2 -pthread hesabu.c -o hesabu
time taskset -c 0,1 ./hesabu
```

Neno volatile lipo ili kompaila isikifupishe kitanzi kuwa jumla moja. Halina kazi nyingine hapa, na halilindi chochote kati ya nyuzi. Nitalirudia hilo chini. Kwa taskset, ambayo huifungia programu kwenye CPU unazozitaja, chagua CPU mbili ambazo Hatua ya 2 ilikuonyesha ziko kwenye viini tofauti. Kwenye i5-8250U 0 na 1 ni viini viwili. Kwenye mashine nyingine 0 na 1 ni kiini kimoja.

Kisha ongeza nafasi katikati:

```c
struct hesabu {
    volatile long a;
    char nafasi[120];
    volatile long b;
};
```

Baiti 8 na 120 ni 128, na kwa kuwa muundo wote unaanzia kwenye mpaka wa 128, b sasa iko mstari mwingine kabisa. Kwa mstari wa 64 nafasi ya baiti 56 ingetosha kwa hesabu. Ninaweka 128 kwa sababu prosesa nyingi za Intel huchota mistari kwa jozi, na kwa sababu Mac za M1 zina mstari wa 128. Jenga, pima tena. Hesabu ni ile ile, nyuzi ni zile zile, na saa inashuka waziwazi, mara nyingi kwa zaidi ya nusu.

Upimaji una adabu zake. Chomeka chaja, maana laptopu ikiwa kwenye betri hushusha kasi. Funga kivinjari. Rudia mara tano na uangalie zinavyokaribiana, usichukue ile iliyokufurahisha. Na laptopu ya mtumba ambayo feni yake haijafunguliwa tangu iondoke Uingereza itapata joto katika dakika chache na kupunguza mwendo, na utakuwa unapima vumbi. Mia chache kwa fundi wa kuisafisha na kubadilisha grisi ya prosesa zinaweza kukupa kasi kuliko wiki nzima ya kuandika upya programu. Nasema hivyo kwa dhati.

Hatua ya 6: Itafute katika programu isiyo ya mfano

Katika faili la mistari ishirini tatizo linaonekana. Katika programu ya kazini halionekani, na kusoma msimbo peke yake hakusaidii, kwa kuwa kila kitu kimeandikwa sahihi. Unahitaji perf, zana ya Linux ya kupima mwendo wa programu, ambayo kwenye Ubuntu inaingia pamoja na linux-tools-generic.

```
sudo perf stat -e cycles,instructions,L1-dcache-load-misses ./hesabu
```

Gawa instructions kwa cycles. Kiini chenye afya kinamaliza amri kadhaa kwa mzunguko mmoja. Ukiona jibu chini ya 0.5, kuna kitu kinachosubiriwa. Ishara nyingine ni ile niliyoiona mimi bila kuielewa: kuongeza nyuzi kunaongeza cycles huku instructions zikibaki karibu zile zile. Kazi ni ile ile, kusubiri ndiko kumeongezeka.

Halafu mwite mpelelezi mwenyewe:

```
sudo perf c2c record ./hesabu
sudo perf c2c report --stdio
```

Ripoti ni ndefu. Tafuta safu ya HITM. Kila tukio pale ni usomaji uliokuta mstari ukiwa M katika kache ya kiini kingine, yaani daftari limekutwa mkononi mwa jirani. Mistari imepangwa kuanzia ule unaogombaniwa zaidi, na kwa kila mmoja utaonyeshwa nafasi za ndani ya mstari zilizoguswa na kazi (functions za C) zilizozigusa. Ukiona kazi mbili tofauti zikigusa nafasi mbili tofauti, kwa mfano 0x0 na 0x8, umewakamata mafundi na daftari lao. Ukiona zote mbili zinagusa nafasi ile ile, huo ni ugomvi wa kweli juu ya data moja, na nafasi ya ziada haitausaidia.

Ndani ya mashine pepe, ikiwa ni pamoja na seva nyingi za kukodi, vihesabio hivi mara nyingi havionekani. Pimia kwenye mashine halisi.

Hatua ya 7: Tibu

Tiba ninayoipenda ni kuacha kushiriki. Uzi uhesabu katika kigeu chake cha ndani, ambacho kitakaa kwenye rejista (nafasi chache zilizo ndani ya kiini chenyewe) au kwenye L1 yake bila kuulizwa na mtu, na mwisho kabisa uandike jibu mara moja mahali pa pamoja. Fundi anaandika kwenye kikaratasi chake kutwa, jioni anaingiza jumla daftarini. Uandishi milioni moja unakuwa mmoja.

Isipowezekana, tenganisha kwa nafasi kama tulivyofanya. Inakula kumbukumbu, kwa hiyo itumie kwa vihesabio vichache vinavyoandikwa mno, usiipake kila muundo. Vitu vinavyosomwa tu havina haja nayo: mstari wa hali S wanaweza kuwa nao viini vyote bila ugomvi. Kinachopasa kuangaliwa ni kigeu kinachoandikwa kila mara kikiwa kimekaa jirani na kinachosomwa kila mara. Wa kwanza anamharibia wa pili.

Gawa kazi kwa vipande virefu vilivyoungana. Nyuzi nne zikichukua rekodi kwa zamu, ya kwanza wewe, ya pili yeye, na kuandika matokeo kwenye safu moja, kila mstari wa matokeo utaguswa na wote wanne. Mpe kila mmoja robo yake, na ugomvi utabaki mipakani tu.

Na lile la volatile. MESI inahakikisha viini vyote vinakubaliana juu ya thamani ya mstari. Haihakikishi kwamba `h.a++` ni tendo moja. Ni matatu: soma, ongeza, andika. Nyuzi mbili zikifanya hivyo kwa kigeu kimoja, zote zinaweza kusoma 5 na zote zikaandika 6, na nauli moja imepotea bila kosa lolote kuonyeshwa. Jaribu: badilisha wa_b iongeze h.a badala ya h.b na uangalie jumla itakavyoishia chini ya bilioni moja. Kwa kigeu kinachoshirikiwa kweli tumia atomiki za stdatomic.h, yaani matendo yasiyoweza kukatwa katikati, au kufuli. Ni za polepole, na upole huo ndio bei ya jibu sahihi. Kwa hela za watu usiikwepe.

Katika programu ya nauli nilitumia tiba ya kwanza. Mabadiliko yalikuwa mistari sita: jumla ya ndani kwa kila uzi, na kitanzi cha mwisho cha kuziunganisha. Nyuzi nne zikaanza kuishinda moja, kwa mbali. Nilipoendesha perf c2c tena, mstari ule haukuwemo kwenye orodha. Muda uliobaki sasa unakwenda katika kusoma faili za rekodi kutoka kwenye diski, na hilo hata kache ingekuwa ya gigabaiti lisingepungua.